Zoezi Lililochelewa Njiani: Historia Fupi ya Misuli ya Nyonga na Mama Mjamzito

Kama umewahi kumsindikiza dada au mkeo kliniki ya wajawazito pale Shinyanga mjini, iwe kata ya Kambarage au kata nyingine, utaratibu unaujua. Foleni inaanza asubuhi na mapema. Mama anapimwa uzito, presha na wingi wa damu. Anapewa vidonge vya kuongeza damu, dawa ya kukinga malaria, chandarua. Nesi anamwambia, "Mayu, usibebe vitu vizito," na mayu anaitikia kwa heshima huku akijua kwamba nyumbani ndoo ya lita 20 inamsubiri.

Sasa ngoja mmoja wa akina mama pale benchini apige chafya. Utaona anabana miguu haraka na kuvuta khanga vizuri. Jirani yake ameshaelewa, anatabasamu kidogo na kuangalia pembeni. Hakuna anayesema kitu. Siku akijikaza na kumuuliza mama mkwe, jibu atakalopewa linajulikana: "Ndivyo uzazi ulivyo, mwanangu. Utazoea."

Makala hii inahusu jibu hilo, maana kwa akina mama wengi si kweli kwamba lazima wazoee. Kuna zoezi la kuimarisha misuli inayozuia mkojo. Halihitaji mashine, halihitaji umeme, na limekuwepo vitabuni kabla wengi wetu hatujazaliwa. Cha ajabu ni njia lililopita kufika Afrika Mashariki. Huku kwetu lilipata nafasi kwanza kwenye wodi za fistula, kwa wanawake ambao tayari walikuwa wameumia, wakati mahali pake pa asili ni kliniki, kabla mtu hajaumia. Twende tuone ilikuwaje.

Kwanza, tunaongelea misuli gani?

Hapo ulipokaa, fikiria unataka kuzuia upepo usitoke mbele za watu. Kile kinachokaza na kuvutika juu kwa ndani ndiyo misuli yenyewe. Wataalamu wanaiita misuli ya sakafu ya nyonga. Imetandazwa kama machela kuanzia mfupa wa mbele wa kinena hadi kifandugu kwa nyuma. Wanaume tunayo pia, lakini ya mwanamke ina kazi nzito zaidi.

Kazi hizo ni tatu. Inabeba viungo vilivyo juu yake, yaani kibofu, kizazi na utumbo wa chini. Inabana njia ya mkojo na ya haja kubwa unapokohoa, kucheka au kunyanyua mzigo. Na wakati wa kujifungua inatakiwa kulegea na kutanuka ili mtoto apite.

Mimba inaitesa misuli hii kwa namna mbili. Uzito unaongezeka mwezi hadi mwezi, na homoni za ujauzito zinalegeza nyama na kano ili mwili ujiandae. Halafu inakuja siku yenyewe. Wahandisi na madaktari wa Marekani walitengeneza mfano wa kompyuta wa tukio hilo, wakachapisha matokeo mwaka 2004. Walikadiria kwamba sehemu moja ya misuli hii huvutika zaidi ya mara tatu ya urefu wake wa kawaida kichwa cha mtoto kinapopita. Jaribu kufikiria msuli wa mkono wako ukivutwa hivyo, halafu kesho yake uambiwe ubebe ndoo.

Njia ya misuli: London hadi Los Angeles

Historia ya zoezi hili ina njia mbili zilizotembea mbalimbali kwa muda mrefu. Ya kwanza tuiite njia ya misuli.

Mwaka 1912, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, daktari wa uzazi J. S. Fairbairn alimwomba Minnie Randell, muuguzi na mkunga aliyefundisha tiba ya viungo hapohapo, atunge mazoezi ya kitandani kwa wanawake waliotoka kujifungua. Zama hizo mzazi alilazwa siku nyingi bila kuruhusiwa kutembea, mwili ukawa unadhoofika kitandani. Kazi ya Randell ilikuwa kuuamsha.

Baadaye alijiunga naye mtu ambaye usingemtegemea: Margaret Morris, mchezaji dansi. Morris alikuwa na shule yake ya dansi, akasomea tiba ya viungo ukubwani. Mchezaji dansi anajua kitu ambacho madaktari wengi wa wakati ule hawakukijali, kwamba msuli usioonekana unaweza kufundishwa kama unaoonekana. Mwaka 1936 alitoa kitabu cha mazoezi ya wajawazito na ya baada ya upasuaji, na ndani yake akaeleza namna ya kukaza na kulegeza misuli ya sakafu ya nyonga.

Ili upate picha ya miaka, 1936 ndiyo mwaka ambao mgodi wa Geita wa enzi za mkoloni ulianza uzalishaji uliodumu hadi 1966. Kwa hiyo dhahabu ya Geita ilianza safari ya kwenda nje wakati zoezi hili likiwa tayari limeandikwa. Dhahabu ilisafiri, lakini zoezi halikurudi na meli.

Aliyelipa zoezi umaarufu ni Arnold Kegel, daktari wa magonjwa ya wanawake wa Los Angeles. Mwaka 1948 alichapisha makala kuhusu wagonjwa wake waliokuwa wakivuja mkojo baada ya kuzaa. Kegel aligundua kwamba ukimwambia mwanamke "kaza" kwa mdomo tu, wengi hukaza mahali pengine: tumbo, mapaja au makalio. Akatengeneza kifaa kidogo chenye mrija wa hewa uliounganishwa na saa ya kipimo. Mama akikaza misuli sahihi, mshale unapanda, anaona kwa macho yake. Hadi leo dunia nzima inayaita mazoezi ya Kegel, ingawa Morris alishayaandika miaka 12 kabla.

Ushahidi wa nguvu kwa wajawazito ulikuja baadaye. Mwaka 2003, huko Trondheim, Norway, watafiti walitoa matokeo ya wanawake 301 waliokuwa na mimba ya kwanza. Nusu walifanya mazoezi kwa wiki 12 wakisimamiwa na wataalamu wa fiziotherapia, nusu wakapata huduma ya kawaida. Walipofika wiki ya 36 ya mimba, waliovuja mkojo kwenye kundi la mazoezi walikuwa asilimia 32, na kundi la pili asilimia 48. Miezi mitatu baada ya kujifungua ilikuwa asilimia 20 kwa 32.

Usiipite namba hiyo haraka. Zoezi halikumaliza tatizo. Hata waliofanya vizuri, mmoja kati ya watano alibaki anavuja. Lakini lilipunguza, tena kwa gharama ndogo. Na ile hofu kwamba misuli yenye nguvu itambana mtoto? Watafiti waliiangalia kwa wanawake haohao. Mazoezi hayakuonekana kurefusha uchungu.

Njia ya kisu: Montgomery hadi Addis Ababa

Njia ya pili ni ya upasuaji, na mwanzo wake unauma.

Fistula inatokea hivi. Uchungu unaanza, mtoto hapiti, na msaada hauji. Kichwa kinagandamiza nyama laini za mama kwenye mfupa wa nyonga kwa saa nyingi, pengine siku mbili au tatu. Damu haifiki, nyama zinakufa, na linabaki tundu kati ya uke na kibofu, au uke na njia ya haja kubwa. Mara nyingi mtoto hufariki. Mama anabaki akivuja usiku na mchana. Hiyo siyo matone ya chafya tena.

Kati ya 1845 na 1849, huko Montgomery, jimbo la Alabama, Marekani, daktari J. Marion Sims alijaribu kuziba matundu hayo kwa kuwapasua wanawake weusi waliokuwa watumwa. Majina ya watatu tunayo: Anarcha, Betsey na Lucy. Hawakuwa na uwezo wa kukataa, na walipasuliwa bila dawa ya usingizi. Anarcha alipasuliwa mara 30 kabla ya operesheni kufanikiwa. Sims alipata sifa na sanamu. Sanamu yake ya Central Park, New York, iliondolewa mwaka 2018.

Huko Marekani na Ulaya fistula ya uzazi ilikuja kuwa nadra sana, kwa sababu mama aliyekwama aliweza kufanyiwa upasuaji wa kumtoa mtoto kwa wakati. Kwetu iliendelea. Mwaka 1959 madaktari wawili, mke na mume, Catherine na Reginald Hamlin, walifika Addis Ababa kufanya kazi ya uzazi, wakakutana na wanawake waliotembea siku kadhaa wakitafuta msaada. Mwaka 1974 walifungua hospitali ya fistula peke yake. Mmoja wa wagonjwa wao, Mamitu Gashe, alibaki pale kusaidia, akajifunza kwa kutazama na kufanya, hatimaye akawa mpasuaji wa fistula anayeheshimika ingawa hakusoma chuo cha udaktari.

Njia mbili zinakutana

Wapasuaji wa fistula waligundua kitu kilichowasumbua. Tundu limeziba, kazi ya mshono ni safi, lakini mama bado analowa. Kwa nini? Kwa sababu uchungu wa siku tatu hautoboi tu. Unajeruhi pia misuli na mishipa ya fahamu. Baadhi ya wanawake hawa huburuta mguu, kwa kuwa mishipa inayoelekea mguuni nayo iligandamizwa. Sindano na uzi haviwezi kufundisha msuli kukaza.

Hapo ndipo fiziotherapia, yaani mazoezi tiba, ilipoitwa. Hospitali ya Addis Ababa iliiweka kwenye huduma zake. Huko Goma, mashariki mwa Kongo, hospitali ya HEAL Africa ilifanya mpango wa majaribio ambao taarifa yake ilichapishwa 2014. Wanawake walipimwa nguvu ya misuli ya nyonga na kufundishwa mazoezi kabla na baada ya upasuaji, na wahudumu wa palepale wakafunzwa kuendelea na kazi. Yaani zoezi la mchezaji dansi wa London likawa linafundishwa mjini Goma.

Hapa Tanzania, kwa mtu wa Shinyanga au Geita, hospitali kubwa ya rufaa kwa miaka mingi imekuwa Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa 1971. Ni kati ya zinazofanya upasuaji wa fistula. Dar es Salaam ipo CCBRT, inayotibu fistula bila malipo na ambayo ilifikia kutuma nauli ya mgonjwa kwa M-Pesa, maana waligundua kwamba matibabu ya bure hayamsaidii asiye na nauli.

Mwaka 2006 shirika la Women's Dignity Project pamoja na EngenderHealth walitoa utafiti uliofanyika Singida, Songea na Ukerewe. Ulivunja dhana moja iliyozoeleka, kwamba fistula ni ya wasichana wadogo tu. Waliohojiwa waliumia wakiwa na umri tofauti, na si wote ilikuwa mimba ya kwanza. Kilichowaunganisha ni kuchelewa: kuchelewa kuamua, kuchelewa kupata usafiri, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika.

Ngoja, tusichanganye mambo

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ukikosea hapa unaweza kumponza mtu. Mazoezi ya nyonga hayazuii fistula. Mama anaweza kuwa na misuli imara kuliko wote kijijini na bado akaumia, kama mtoto amekwama na gari halipo. Kinga ya fistula ni mkunga mwenye ujuzi, rufaa ya haraka na upasuaji kwa wakati. Basi.

Zoezi linasaidia tatizo jingine, dogo kwa mtazamo wa daktari lakini la kila siku kwa mwenye nalo: kuvuja unapokohoa au kubeba mzigo, na udhaifu wa misuli baada ya kuzaa. Matatizo haya mawili yana dalili zinazofanana na aibu ileile. Ndiyo maana historia iliyachanganya, na dogo likamezwa na kubwa.

Sababu nyingine ni mahali wataalamu walipo. Kwa muda mrefu chuo cha KCMC, Moshi, ndicho kilikuwa tegemeo la nchi kwa kufundisha fiziotherapia. Wahitimu walikwenda kwenye hospitali kubwa, na huko waliwakuta waliovunjika mifupa, waliopooza, na siku hizi majeruhi wa bodaboda. Mjamzito mwenye afya hakuwa kwenye orodha. Yeye yuko zahanati, na zahanati haina fizio.

Turudi machimboni

Sasa toka Shinyanga uende Geita, kwenye machimbo madogo ya Nyarugusu au Rwamgasa. Kwenye duara wanashuka wanaume. Wanawake utawakuta wanaponda mawe, wanaokota mabaki, wanabeba maji na viroba vya mchanga kwenda mwaloni kuosha. Wengine wanapika na kuuza chakula, wamesimama tangu alfajiri. Baadhi ni wajawazito. "Usibebe vitu vizito" kwao ni sawa na kuambiwa usile.

Je, mizigo ina uhusiano na misuli hii? Mwaka 2018 watafiti wa KCMC na wenzao walichapisha utafiti wa vijijini mkoani Kilimanjaro. Kati ya wanawake waliopimwa, zaidi ya 6 kati ya 10 walikuwa na dalili za viungo vya nyonga kushuka, wengi kwa kiwango kisicho kikubwa, na kama 7 kati ya 100 kwa kiwango kikali. Walio hatarini zaidi ni waliozaa mara nyingi, wenye umri mkubwa, wakulima, na wanaobeba mizigo mizito kwa saa nyingi kwa siku. Kilimanjaro si Geita, lakini sifa hizo utazikuta kirahisi ukitembea Nyarugusu siku ya kazi.

Na kuna habari njema ambayo inaondoa kisingizio. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015/16 ulionyesha asilimia 63 ya watoto walizaliwa kwenye vituo vya afya. Ule wa 2022 ulionyesha asilimia 81. Wanawake wanakuja. Wanakaa benchini saa mbili wakisubiri. Dakika tano za kufundishwa zinapatikana palepale, na nesi anaweza kuzitumia bila kusubiri fizio apangiwe zahanati.

Lenyewe linafanywaje?

Ukiwa umekaa au umelala, vuta ndani na juu kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja. Usibane makalio wala mapaja, na usizuie pumzi. Kama huwezi kuongea, umekosea. Shikilia sekunde 6 hadi 8, kisha legeza kabisa. Kulegeza nako ni sehemu ya zoezi, maana siku ya kujifungua ndicho kitakachohitajika. Rudia mara 8 hadi 12, mafungu matatu kwa siku. Zaidi ya hapo, jizoeze kukaza kabla ya kupiga chafya au kunyanyua ndoo. Usilifanye kwa kukatisha mkojo kila unapokwenda chooni. Na usitegemee matokeo ya wiki moja. Wale wa Trondheim walifanya wiki 12.

Kama una maumivu, unatoka damu, au daktari amekukataza mazoezi, muulize kwanza. Na kama umejifungua na mkojo au haja inatoka mfululizo bila kujizuia, hiyo si ya kufanyia mazoezi nyumbani. Rudi hospitali upesi. Tundu dogo likiwahiwa linaweza kuziba kwa kuwekewa mpira wa mkojo tu.

Basi, wewe unayesoma, huenda huna mimba na hutakuwa nayo. Lakini una dada, una mke, una jirani anayeacha kwenda kanisani au msikitini kwa kuogopa kulowa. Jina la zoezi si lazima alijue, wala la Kegel. Ila siku akikwambia kwamba anavuja akicheka, tafadhali usimjibu kwamba atazoea. Mwambie kuna kitu cha kujaribu, na anaweza kuanza leo akiwa palepale kwenye foleni.